Nusu Pointi ya Ubao wa Kwanza

Mchezo wa sataranji katika mashindano ya timu una wenyewe wawili: yule aliyeketi mbele ya ubao, na timu iliyomketisha pale. Hawatakiani mabaya, lakini mara nyingi kila mmoja ana haja yake, na mchezaji asiyefundishwa kulijua hilo mapema hulijua saa ya tano ya mchezo, mkono ukiwa juu ya kete na saa ikimhesabia sekunde. Mchezo unaonijia kila ninapofikiria jambo hili ni ule wa Gukesh Dommaraju na Nodirbek Abdusattorov katika raundi ya 10 ya Olimpiadi ya Sataranji ya mwaka 2022. Olimpiadi hiyo, ya 44, ilifanyika Mamallapuram, mji wa pwani ulio kusini mwa Chennai nchini India. Zaidi ya timu 180 zilikuwa katika mashindano ya wazi, na India ikiwa mwenyeji iliingiza timu tatu. Ile ya pili ilijaa vijana, na ubao wake wa kwanza ulikaliwa na Gukesh, mwenye umri wa miaka 16. Alikuwa ameshinda michezo 8 mfululizo. Wa nane katika hiyo alimshinda Fabiano Caruana, siku ambayo vijana wale waliilaza Marekani, timu iliyopewa nafasi ya kwanza kabla ya mashindano kuanza, kwa 3-1. Raundi ya 9 akatoka sare na Shakhriyar Mamedyarov wa Azerbaijan. Kisha ikaja Uzbekistan, nayo timu ya vijana, na kwenye ubao wa kwanza alikuwapo Abdusattorov, mwenye miaka 17, ambaye Desemba iliyotangulia alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa sataranji ya haraka.

Gukesh aliutawala mchezo kwa muda mrefu. Alifika mahali ambapo ushindi ulikuwa wake, ukamponyoka kidogo kidogo kama ushindi unavyowaponyoka wachezaji waliochoka, mpaka hali ya kete ikawa sawa. Njia ya sare ilikuwapo: kurudia mwendo ule ule, kwa kuwa hali ikijirudia mara tatu mchezaji ana haki ya kudai sare. Akaipita njia hiyo, akaendelea kutafuta ushindi uliokwisha kuondoka, na hapo, saa ikiwa imembana, akapoteza farasi. Hakukuwa na la kufanya tena ila kusalimu amri. Katika ubao mwingine wa pambano lile lile, Rameshbabu Praggnanandhaa alimshinda Javokhir Sindarov. Mbao mbili zilizobaki zilitoka sare. Matokeo: 2-2. Sare ya Gukesh ingeipa timu yake 2.5-1.5, yaani pambano zima. Nusu pointi ile moja, ambayo katika mchezo wa mtu na mtu ingeonekana ni masalio ya ushindi uliopotea, ilikuwa imebeba pointi ya pambano kwa timu yake na pointi nyingine iliyochukuliwa na mpinzani. Mashindano yalipokwisha Uzbekistan na Armenia zilikuwa na pointi 19 kila moja, Uzbekistan ikapata dhahabu kwa hesabu ya kuvunja sare, Armenia ikapata fedha, na India 2 ikapata shaba kwa pointi 18.

Ninalotaka kulitetea hapa ni jambo moja. Thamani ya nusu pointi katika mchezo wa timu haipatikani kwenye ubao ambao mchezo unachezwa. Inapangwa na mbao tatu nyingine. Anayetafuta uamuzi wake ndani ya miraba 64 iliyo mbele yake peke yake anaweza kuona kila mwendo kwa usahihi na bado akakosea, kwa sababu swali analolijibu siyo lililoulizwa. Kulisoma pambano ni ujuzi unaojitegemea, tofauti na kuusoma ubao. Unafundishika, na kwa jumla makocha wengi hawaufundishi. Wanaamini kwamba mchezaji hodari atakuwa nao tu, kama mtu anavyokuwa na sauti yake.

Jinsi mashindano yenyewe yanavyohesabiwa ndiyo ushahidi wa kwanza. Kwa miongo mingi Olimpiadi ilijumlisha pointi za michezo: timu iliyoshinda 4-0 ilijipatia pointi 4, iliyoshinda 2.5-1.5 ikajipatia 2.5, na mwisho aliyekusanya nyingi akawa bingwa. Chini ya hesabu hiyo kila nusu pointi ilikuwa na uzito ule ule popote ilipopatikana, na mchezaji aliyeipigania mpaka dakika ya mwisho hakuwa na haja ya kutazama kushoto wala kulia. Mwaka 2008, mjini Dresden, hesabu ikabadilika. Tangu hapo pambano lililoshindwa halileti kitu, sare inaleta pointi 1, ushindi pointi 2, uwe mwembamba au mnene. Nusu pointi moja sasa inaweza kuwa haina thamani yoyote katika pointi za pambano, pale timu inapoongoza 3-0, au ikawa na thamani ya pambano zima, pale wengine watatu wanapokuwa wamegawana sawasawa. Katika mbio za kupokezana vijiti mkimbiaji anajua kijiti kimemfikia kikiwa wapi, kwa sababu waliomtangulia wamekwisha kukimbia. Katika sataranji wote wanne wanakimbia kwa wakati mmoja, na kila mmoja lazima akadirie wenzake watafika wapi kabla hawajafika. Mabadiliko ya Dresden yalizungumzwa sana kwa upande wa haki na msisimko, lakini naona athari yake kubwa zaidi iliwaangukia wachezaji: iliwaongezea kazi ambayo watangulizi wao hawakuwa nayo kwa kiwango hicho.

Kazi hiyo ina vifaa vyake, na vinaonekana kwa macho. Mbao nne za pambano moja hupangwa mstari mmoja, na rangi hupishana, hivi kwamba mwenye kete nyeupe ana mwenzake mwenye kete nyeusi ubavuni. Mchezaji wa ubao wa kwanza akigeuza shingo kidogo anauona wa pili, na akisimama kunyoosha miguu anaziona zote nne kwa hatua chache. Mchezo ukiisha, wachezaji huweka wafalme wawili katikati ya ubao: wote kwenye miraba myeupe ikiwa mweupe ameshinda, kwenye miraba myeusi ikiwa mweusi ameshinda, mmoja huku na mmoja kule ikiwa ni sare. Anayepita nyuma ya viti huyasoma matokeo bila kumwuliza mtu. Na yupo nahodha, ambaye katika mashindano haya kwa kawaida hachezi. Yeye husimama au hutembea nyuma ya timu yake. Kanuni za mashindano ya timu zinamruhusu kumshauri mchezaji wake aombe sare, aikubali, au asalimu amri. Hawezi kusema neno lolote kuhusu hali ya kete. Akiulizwa na mchezaji kama akubali sare, nahodha anaweza kujibu ndiyo au hapana, au kumwachia mchezaji aamue mwenyewe, basi. Kanuni hii inaonekana finyu, lakini imeandikwa na watu walioelewa jambo hili barabara. Imeugawa uamuzi mahali panapostahili kugawanywa: mwendo upi uchezwe ni siri ya mchezaji, lakini kama timu inahitaji nusu pointi au pointi nzima ni shauri ambalo timu ina haki ya kusikika juu yake.

Zamani timu ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuingia katika mchezo wa mtu mmoja, na mfano wake ulio bora ni Varna, Bulgaria, mwaka 1962. Katika pambano la Muungano wa Kisovyeti na Marekani, Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia mwenye miaka 51, aliketi mbele ya Bobby Fischer mwenye miaka 19. Ndio mchezo pekee ambao wawili hao waliwahi kucheza pamoja. Botvinnik aliingia katika njia aliyoiandaa nyumbani, na Fischer akiwa pale pale ubaoni akaupata mwendo wa malkia ambao maandalizi yale hayakuuona. Botvinnik akajikuta amepungukiwa askari, na hali inaelekea kushindwa. Saa za kucheza zikaisha, mchezo ukaahirishwa. Ulivyoahirishwa mchezo siku hizo ni jambo ambalo vijana wa leo hawakulishuhudia: mwenye zamu aliandika mwendo wake kwa siri, karatasi ikatiwa katika bahasha, bahasha ikafungwa na kuhifadhiwa na mwamuzi, na ubao ukasubiri mpaka kikao kingine. Usiku ule Wasovyeti waliichambua hali ile pamoja, na Efim Geller, mmoja wa wachezaji wa timu, akapata wazo la ulinzi ambalo wengine hawakuwa wameliona. Mchezo uliporudi ubaoni, Botvinnik alilitumia wazo hilo na sare ikapatikana katika mwendo wa 68. Botvinnik mwenyewe hakumnyima Geller sifa yake. Fischer aliendelea kwa miaka kuamini kwamba alikuwa na njia ya kushinda, na wachambuzi walibishana juu yake kwa muda mrefu. Lakini katika karatasi ya matokeo ya Varna kuna nusu pointi iliyoandikwa kwa jina la Botvinnik na kutengenezwa na kichwa cha mtu mwingine.

Kompyuta zilipokuwa na nguvu, kuahirisha mchezo kukakosa maana, na desturi hiyo ikafa katika miaka ya 1990. Mchezo sasa unakwisha katika kikao kimoja. Huko Chennai kila mchezaji alipewa dakika 90 kwa miendo 40 ya mwanzo, kisha dakika 30 mpaka mwisho, pamoja na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila mwendo. Maana yake mchezo mrefu huchezwa kwa zile sekunde 30 peke yake, mwendo baada ya mwendo, pengine kwa saa nzima, bila pumzi ya kutosha hata kunywa maji. Hapo hakuna Geller wa kufikiri usiku kucha. Timu iliyokuwa ikikaa mezani na mchezaji wake sasa inaweza kukaa mahali pawili tu: katika neno moja la nahodha, na katika kichwa cha mchezaji mwenyewe, ikiwa ilipandwa humo kabla ya siku ile. Ndiyo maana nasema ujuzi huu lazima ufundishwe mapema. Nafasi ya kuupata wakati mchezo unaendelea imefungwa.

Kuna pingamizi ambalo wapenzi wa sataranji watalitoa haraka, na si dogo. Watasema mchezo huu una heshima yake: mchezaji anatafuta mwendo bora kwa kadiri ya uwezo wake, na anayeanza kuhesabu mbao za wenzake atacheza kwa woga, ataomba sare kabla ya wakati, atayaua mashindano kwa michezo mifupi isiyo na damu. Watanitajia pia kwamba moyo ule ule uliomfanya Gukesh aipite sare huko Chennai ndio uliompa taji kubwa kuliko yote. Tarehe 12 Desemba 2024, huko Singapore, aliingia katika mchezo wa 14 wa kuwania ubingwa wa dunia akiwa sawa na Ding Liren, 6.5 kwa 6.5. Katika hatua za mwisho za mchezo kila mmoja alikuwa na ngome moja na askofu mmoja, Gukesh akiwa na askari mmoja wa ziada, na karibu kila mtazamaji alikuwa ameshauandika mchezo ule kuwa sare. Hakukubali. Akaendelea kuuliza maswali madogo madogo, mpaka Ding, katika mwendo wa 55, akaipeleka ngome yake mahali pabaya na kuruhusu kete zibadilishwe hadi wakabaki wafalme na askari, hali aliyokuwa ameshindwa tayari. Gukesh akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Je, mtu kama huyo angefundishwa kuridhika na sare, angefika?

Pingamizi hili linachukulia kwamba kulisoma pambano maana yake ni kupenda sare. Sivyo, na ushahidi umo katika Olimpiadi iliyofuata, ile ya Budapest ya Septemba 2024. Katika raundi ya 7 India ilikutana na China. Mbao tatu zilitoka sare. Uliobaki ulikuwa wa Gukesh na Wei Yi. Hapo hesabu ya pambano ilisema kinyume cha ilivyosema Chennai: sare ingeleta 2-2, ushindi ungeleta 2.5-1.5, kwa hiyo nusu pointi ya ziada juu ya ubao ule ilikuwa na thamani ya pointi nzima ya pambano. Gukesh alibana, akabana tena, na Wei Yi alisalimu amri baada ya miendo 80. Kijana yule yule, ung'ang'anizi ule ule, na kwa macho ya mtu anayeutazama ubao mmoja tu kazi ile ile. Lakini mara hii haja ya timu na haja ya ubao zilikuwa zimekutana. Na Singapore hakukuwa na timu. Nusu pointi ilikuwa yake mwenyewe, askari wa ziada alikuwa wake, hatari ya kushindwa ilikuwa ndogo mno, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa akisubiri matokeo yake ili ajue kama kazi yake imefaa. Anayeyachukua matukio haya matatu na kutoa kanuni moja, eti ng'ang'ania siku zote au kubali sare siku zote, hajatazama kitu kinachoyatofautisha. Mwenye ujuzi ninaousema atang'ang'ania zaidi ya wengine siku zinazodai hivyo, maana atakuwa anajua kwa nini yupo pale saa ya sita.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwangu. Ni rahisi kuhukumu baada ya tukio. Sisi tunayo matokeo ya mbao nne yameandikwa mbele yetu; mchezaji alikuwa na sekunde chache, kichwa kimejaa njia za malkia na farasi, na kumbukumbu ya dakika chache nyuma kwamba alikuwa anashinda. Kumbukumbu hiyo ni sumu. Kila mchezaji wa mashindano anaijua: ukishauona ushindi, sare huonekana kama kuporwa mali yako, hata kama mali hiyo ilikwisha kuondoka miendo 15 nyuma. Nakubali yote hayo. Nakubali pia kwamba hatuwezi kusema India 2 ingepata dhahabu kama ingeshinda pambano lile. Pointi zingesogea, lakini mapambano ya raundi ya 11 yangepangwa upya, na hakuna anayejua wapinzani wapya wangeleta nini. Hoja yangu haihitaji dhahabu ile. Inahitaji kitu kidogo zaidi, kwamba katika hali ya aina hiyo mtu hawezi kuhesabu ubao na pambano kwa wakati mmoja ndani ya sekunde 30, na kwa hiyo hesabu ya pambano isingojwe mpaka hapo. Ifanywe saa ya tatu, wakati mchezaji bado ana dakika za kutosha kusimama na kutembea. Ifanywe asubuhi katika mkutano wa timu, ambako inawezekana kukubaliana nani leo ana ruhusa ya kuchukua hatari na nani kazi yake ni kuufunga mlango. Na ifanywe na nahodha, ambaye hana ubao wa kumlevya. Ugumu wa saa ile ndio sababu ya kufundisha, wala hauwezi kuwa udhuru wa kutofundisha.

Wapo watakaosema pia kwamba kuzungumza hivi ni kumtwisha lawama kijana aliyeibeba timu. Hapa nataka nieleweke vizuri, kwa kuwa jambo hili linanigusa. Bila ushindi ule wa mfululizo India 2 isingekuwa mahali ambapo nusu pointi moja inaamua medali. Kijana aliyeshinda mara nane mfululizo amefundishwa na ushindi wenyewe kwamba kazi yake ni kushinda, na kila mtu aliyemzunguka amemthibitishia hivyo kwa makofi. Tabia ya namna hiyo haiondoki kwa sababu raundi imekuwa ya 10. Ndiyo maana naona kushindwa kule kulikuwa kwa timu kabla ya kuwa kwake, kama vile nusu pointi ya Botvinnik huko Varna ilivyokuwa ya timu kabla ya kuwa yake. Hata medali zilisema jambo hili kwa lugha yao. Gukesh alimaliza na pointi 9 katika michezo 11, akapewa dhahabu ya mchezaji bora wa ubao wa kwanza. Abdusattorov aliyemshinda alipata fedha, na Magnus Carlsen shaba. Aliyeshindwa katika mchezo ule akawa wa kwanza katika hesabu ya mtu mmoja mmoja, na aliyeshinda akaenda nyumbani na dhahabu ya timu. Hesabu zote mbili ni za haki. Zinapima vitu viwili. Na miaka miwili baadaye, katika raundi ya 10 ya Budapest dhidi ya Marekani, Praggnanandhaa, ambaye ushindi wake huko Chennai ulikosa wa kuukamilisha, alishindwa na Wesley So. Gukesh akamshinda Caruana, Arjun Erigaisi akamshinda Leinier Domínguez, Vidit Gujrathi akatoka sare na Levon Aronian, na pambano likawa la India, 2.5-1.5. India ilimaliza na pointi 21 kati ya 22 na kutwaa dhahabu. Hakuna aliyelazimika kumwuliza Praggnanandhaa nusu pointi yake ilikwenda wapi.

Kwa upande wetu huku, suala hili halihusu mabingwa peke yao. Kenya na Uganda hupeleka timu Olimpiadi, na ngazi za chini yake kuna mashindano mengi ya shule na vilabu yanayochezwa kwa mbao nne au zaidi. Katika ngazi hizo mafunzo karibu yote huelekezwa kwenye ubao: funguzi, mitego, miisho ya mchezo. Ni sawa, maana asiyejua kumaliza mchezo hana nusu pointi ya kuamua juu yake. Lakini zoezi la pambano halihitaji gharama yoyote. Mwalimu aweke ubaoni hali ya kawaida, ngome moja kila upande, askari wanne kwa watatu, wote upande mmoja wa ubao, hali ambayo ikilindwa vizuri huwa sare na ambayo mwenye askari wanne anaweza kuendelea nayo bila hatari kubwa. Kisha amwambie mwanafunzi mwenye wanne: mpinzani wako ameomba sare, na wenzako watatu wamekwisha kumaliza. Timu yako inaongoza 2-1, ufanyeje? Ni 1.5-1.5, ufanyeje? Mko nyuma 1-2, ufanyeje? Hali ya kete haijabadilika hata kidogo, na majibu si mamoja. Katika la kwanza sare inalimaliza pambano na ushindi hauongezi pointi ya pambano. Katika la pili aendelee kwa subira, bila kufungua mfalme wake. Katika la tatu akatae sare na aendelee hata kwa kuchukua hatari, kwa sababu sare na kushindwa vinaipa timu kitu kile kile. Yatazuka maswali ya kuvunja sare kwa pointi za michezo, na ni maswali mazuri: pointi hizo zina kazi yake timu zinapolingana, ila zinakuja nyuma ya pointi za pambano, na mwanafunzi aliyefika hapo ameshaanza kufikiri kama mchezaji wa timu.

Kisha hatua ngumu zaidi: mwalimu arudie zoezi lile lile wenzake wakiwa bado wanacheza. Mmoja ana askari wa ziada lakini saa yake inakwisha, mmoja yuko sawa, mmoja anaonekana anazama. Mwanafunzi apewe dakika mbili za kutembea nyuma ya mbao hizo, arudi, aandike makadirio yake, na nahodha wa timu aandike yake bila kuonyeshana. Wakitofautiana, wajadili mpaka waelewane kwa nini. Timu inayofanya hivyo mara kwa mara hufika mahali ambapo neno moja la nahodha linatosha, kwa kuwa maana yake ilikwisha kujengwa siku za nyuma. Na kijana aliyezoezwa hivyo akinyanyuka katikati ya mchezo wake saa ya tatu, akaenda kusimama nyuma ya wenzake na kuwatazama wafalme waliowekwa katikati ya mbao, mwalimu asimkaripie kwamba ameacha kazi.